Shajara ya Ireland: Nyuma ya Katuni Kuna Kitabu cha Ngozi

Jumatatu, 10 Juni 2024. Dublin

Nachora katuni za watoto Dar es Salaam, na kuna swali limekaa nami muda mrefu. Ireland ina watu wapatao milioni tano. Hadi miaka ya 1980 vijana wake walikuwa wakihama kwa makundi kwenda kutafuta kazi London na Boston. Leo studio zake za animesheni zinatajwa kwenye orodha za Oscar pamoja na zile kubwa za Marekani. Wamefikaje hapo? Nimekuja kujionea, na nimeanzia Trinity College, kwa sababu kila mchora katuni wa Kiairishi niliyewahi kusoma habari zake humtaja babu mmoja: Kitabu cha Kells.

Ni Injili nne kwa Kilatini, kazi ya mikono ya watawa, yapata mwaka 800. Kina kurasa 680, zote za ngozi ya ndama, na tangu mwaka 1953 kimejalidiwa katika juzuu nne. Chumba kinachokihifadhi kina mwanga hafifu, hairuhusiwi kupiga picha, na unachoonyeshwa ni kurasa chache tu zilizofunuliwa chini ya kioo. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yangu, nikasogea, nikazunguka, nikajipanga tena.

Uzuri ni kwamba chuo kimekipiga picha kitabu kizima na kukiweka kwenye intaneti bure, mtu yeyote akikuze atakavyo. Kwa hiyo nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi uwanjani, nikafungua kishikwambi na kwenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaosifiwa kuliko yote, ule ambapo Mathayo anaanza kueleza kuzaliwa kwa Yesu. Herufi tatu za Kigiriki za jina la Kristo zimeujaza ukurasa mzima. Ukikuza picha, mzunguko mmoja unazaa mizunguko mingine ndani yake, na hiyo nayo inazaa mingine, hadi unafika mahali ambapo huamini kwamba mkono wa binadamu ulipita bila lenzi. Halafu, chini kabisa, mtawa kaweka mambo ya nyumbani: paka wawili wametulia, panya wamewapanda mgongoni, na mbele yao panya wengine wawili wanang'ang'ania kipande cha mkate wa duara. Pembeni, fisimaji kamkamata samaki. Katikati ya maandiko matakatifu mtu huyu alichora kisa chenye wahusika, mgogoro na kichekesho, katika nafasi isiyozidi upana wa kidole gumba. Ndiyo kazi ninayoifanya mimi kila siku.

Mwaka 1007 wezi walikiiba kwa sababu ya jalada lake la dhahabu. Kilipatikana baada ya miezi michache, kimefukiwa chini ya udongo, dhahabu haipo. Hata ile rangi ya buluu ina habari yake. Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba ilisagwa kutoka jiwe la thamani la Afghanistan. Uchunguzi wa maabara ukaonyesha kwamba ni rangi ya majani, ya jamii ya nili. Nimefurahi kulijua hilo. Utajiri wote ule umetoka kwenye mmea.

Ghorofani, kwenye ukumbi mrefu wa maktaba ya zamani, rafu ziko tupu. Vitabu kama 200,000 vimeondolewa kimoja kimoja, vikafyonzwa vumbi, vikawekewa vitambulisho vya kielektroniki, wakati jengo linasubiri kukarabatiwa. Wageni wengine walilalamika. Mimi niliona maktaba inayojua kwamba moto mmoja unatosha.

Jumanne, 11 Juni. Dublin

Asubuhi jumba la makumbusho la Chester Beatty, ndani ya eneo la Kasri la Dublin. Kiingilio ni bure. Alfred Chester Beatty alikuwa Mmarekani tajiri wa migodi. Sehemu kubwa ya mali yake ilitoka kwenye shaba ya Northern Rhodesia, yaani Zambia ya leo. Alihamia Dublin mwaka 1950, akaiachia nchi hii mkusanyo wake. Ni vizuri Mwafrika anayeingia pale akalikumbuka hilo mbele ya kila kabati, kwamba miswada hii ya ajabu ilinunuliwa kwa jasho la wachimbaji wa Ukanda wa Shaba.

Na ni ya ajabu kweli. Ipo Qur'ani iliyoandikwa na Ibn al-Bawwab mjini Baghdad mwaka 391 wa Hijria, sawa na 1000 au 1001 Miladia, hati ndogo iliyonyooka, kila herufi imepewa nafasi ya kupumua. Mwandishi huyu na wale watawa wa Kells hawakujuana, lakini wote walisadiki kwamba neno takatifu linastahili mstari ulio bora kuliko yote. Nikawakumbuka mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, waliokuwa wakinakili misahafu na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Wachoraji wangapi vijana wa Mombasa na Dar wamewahi kuziona kurasa hizo? Mtoto wa Kiairishi hukua anaona mapambo ya Kells kwenye vitabu vya shule, kwenye mabango, hadi kwenye vikombe vya chai. Sisi tunayo hazina ya jinsi hiyo, ila haijafika mezani pa mchoraji.

Mchana nilivuka mto Liffey kwenda jumba la sanaa la Hugh Lane kutazama chumba cha kazi cha mchoraji Francis Bacon. Bacon alizaliwa Dublin mwaka 1909 na alifanya kazi London, katika chumba kimoja kidogo ambacho hakukisafisha kwa miongo mitatu. Alipofariki mwaka 1992, mrithi wake akakitoa kwa jumba hili. Hapo ndipo lilipofanyika jambo lililonifunga mdomo. Waliwaita wanaakiolojia. Wakapima na kuchora ramani ya takataka zile kama unavyopima mji wa kale uliofukiwa, wakahamisha vyote kuja Dublin: kuta, milango, sakafu, dari, hata vumbi. Vitu zaidi ya 7,000. Kila kimoja kilipigwa picha, kikapewa namba, kikaingizwa kwenye kompyuta. Chumba kilifunguliwa kwa umma mwaka 2001.

Unakitazama kupitia kioo. Makopo ya rangi yaliyokauka, brashi zimesimama kwenye mitungi, picha zilizochanwa magazetini zimekanyagwa sakafuni, turubai zilizokatwa kwa kisu. Mlango ulikuwa ubao wake wa kuchanganyia rangi; umejaa mabaka ya waridi, zambarau na chungwa, mazito hadi yametengeneza vinundu. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya michoro yake mwenyewe. Kwa kumbukumbu zile za kompyuta, mtafiti anaweza kuanza na ukurasa uliochanwa gazetini na kumaliza kwenye picha iliyouzwa kwa mamilioni, akaona jinsi mkono ulivyotoka hapa kwenda pale. Wakati huo teknolojia ya namna hiyo wengi waliiona ni ya mabenki na ofisi. Hapa waliitumia kulinda vumbi la msanii.

Jumatano, 12 Juni. Dublin

Siku ya kutembea, na ndiyo siku niliyojifunza mengi zaidi.

Nilianzia Curved Street, kichochoro kifupi mtaa wa Temple Bar. Miaka ya 1990, serikali ilipoamua kuufanya mtaa huu uliochakaa kuwa mtaa wa utamaduni, walijenga hapa kituo kilichoitwa Arthouse, maalumu kwa wasanii wa multimedia. Kompyuta, video, sauti na intaneti chini ya paa moja, wakati watu wengi duniani walikuwa hawajawahi kutuma hata barua pepe. Hakikudumu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilikuwa kimeshafungwa. Jengo lipo.

Nikapanda hadi Thomas Street, kwenye majengo ya zamani ya viwanda vya bia na pombe kali. Huku mwaka 2000 ilifunguliwa Media Lab Europe, tawi la maabara mashuhuri ya chuo cha MIT cha Marekani, kwa fedha nyingi za umma na matumaini makubwa zaidi. Ilifungwa Januari 2005. Jirani yake kulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003 kituo cha Digital Hub, kikapangisha ofisi kwa kampuni changa za teknolojia na ubunifu. Mnara mkubwa wa kinu cha upepo cha karne ya 18 umesimama katikati ya yote hayo, umebaki bila mapanga yake, na wafanyakazi walikuwa wanakula chakula cha mchana chini yake.

Nayaeleza haya kwa sababu kwetu tunasimuliwa habari za mafanikio peke yake. Mawaziri wetu wakienda Ulaya hurudi na picha za majengo yenye vioo. Hapa majengo yenye vioo yalifungwa mara kadhaa. Kilichobaki ni kitu kingine, na kukipata ilinibidi nipande basi kwenda Ballyfermot.

Ballyfermot ni kitongoji cha wafanyakazi magharibi ya jiji, nyumba zimeshikana, maduka ya kawaida, mvua ikininyeshea kidogo kidogo. Chuo chake hakina fahari ya nje. Lakini katikati ya miaka ya 1980, Don Bluth, mchoraji aliyejitenga na Disney, alihamishia studio yake Dublin akivutwa na unafuu wa serikali. Iliajiri mamia ya watu. Studio ilihitaji mikono, na chuo cha Ballyfermot kikaanzisha kozi ya animesheni kuitengeneza mikono hiyo: mwanga chini ya karatasi, penseli, michoro 24 kwa kila sekunde, kurudia hadi mkono uzoee. Miaka ya 1990 studio ikayumba kifedha, ikafungwa, Wamarekani wakaenda zao.

Kozi haikufungwa. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, penye jibu la swali langu. Mwekezaji aliondoka na mashine zake, ila walimu walibaki, na mtaala ulibaki, na vijana wa Dublin waliojua kuchora mtu akitembea walibaki na njaa ya kazi. Mwaka 1994 wawili kati ya waliopita chuoni hapo, Cathal Gaffney na Darragh O'Connell, walianzisha Brown Bag Films. Tomm Moore, Nora Twomey na Paul Young, nao wa Ballyfermot, walianzisha Cartoon Saloon mwaka 1999. Ukiuliza studio nyingine nyingi za hapa, utakuta uzi unarudi kwenye darasa lile lile.

Jioni nilishuka kwenye tramu Smithfield, eneo lenye mawe ya kale ambako Brown Bag walijijengea jina. Filamu fupi iliyowapeleka Oscar kwa mara ya kwanza naipenda kupita kiasi. Miaka ya 1960 mwalimu mmoja wa Dublin aliwarekodi wanafunzi wake wakisimulia hadithi za Biblia kwa lafudhi ya mtaani kwao. Miongo kadhaa baadaye, studio ikachukua sauti ile ya mtoto mdogo wa kike, pumzi na kigugumizi vikiwemo, ikachora juu yake. Hawakuisafisha wala kuigiza upya. Na ni studio hiyo hiyo iliyotengeneza Doc McStuffins, yule daktari mdogo Mweusi wa wanasesere ambaye watoto wengi wa Nairobi na Dar wenye king'amuzi wanamjua. Ukimwambia mpwa wangu kwamba Doc alichorewa Dublin, nchi ya mvua, atakataa.

Alhamisi, 13 Juni. Kilkenny

Treni kutoka kituo cha Heuston, kama saa moja na nusu, mashamba ya kijani na ng'ombe njia nzima.

Kilkenny ni mji mdogo wenye kasri kubwa. Zamani za kasri sitazieleza. Mabanda yake ya farasi yana habari tamu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali iliwaalika wabunifu kutoka nchi za Skandinavia waje kukagua bidhaa za Ireland. Walikuja, wakatazama, wakaandika ripoti isiyobembeleza mtu: elimu ya kubuni vitu nchini ni duni. Serikali haikuificha. Mwaka 1963 ikaanzisha karakana za ubunifu hapa, mkabala na kasri, wafinyanzi, wafua fedha, wafumaji na wachapaji wakifanya kazi kwa mshahara wa umma. Leo ni maduka ya ufundi, na mafundi wengi wamehamia eneo hili moja kwa moja. Kijana anayekulia Kilkenny anajua mtu anayeishi kwa kazi ya mikono. Huko ndiko alikokulia Tomm Moore.

Cartoon Saloon wapo hapa hapa, hawakuhamia jiji kuu. Filamu yao ya kwanza ndefu, ya mwaka 2009, inahusu kuandikwa kwa Kitabu cha Kells, na ilichorwa bapa, bila kina cha kamera, jinsi watawa walivyochora. Wakati huo sehemu kubwa ya Hollywood ilikuwa imekimbilia michoro ya kompyuta yenye kung'aa. Ikafika Oscar. Zilizofuata, 2014, 2017 na 2020, nazo zikafika.

Mchana nilikutana mkahawani na mchoraji aliyewahi kufanya kazi katika studio mbalimbali za nchi hii. Tuliongea kuhusu Wolfwalkers, ile ya 2020, kwa sababu kisa chake kimewekwa mji huu huu, mwaka 1650, majeshi ya Cromwell, jemadari wa Kiingereza, yakiwa yameushika. Alinichorea kwenye daftari ili nielewe. Upande wa kushoto akachora mji: mistari minene, ya pembe, kana kwamba imekatwa kwenye ubao wa kuchapia, nyumba zimebanana, barabara imesimama wima kama ramani ya kale. Upande wa kulia msitu: mstari unakimbia, unaviringika, na chini yake akaacha duara na mifupa ya mchoro wa awali, ile mistari ambayo sisi wote tumefundishwa kuifuta. Katika filamu wameiacha hivyo hivyo. Mbwa mwitu wa msituni anaonekana bado anachorwa.

"Mtoto akiona mistari ile," aliniambia, "anajua kuna mtu aliyeichora."

Na zile sehemu ambapo mtazamaji anaona dunia kwa pua ya mbwa mwitu? Walitembea kwanza ndani ya msitu wa kompyuta kwa teknolojia ya uhalisia pepe, wakapata mwendo wa kamera, kisha wakachapisha na kuchora kila fremu upya kwa penseli na mkaa juu ya karatasi. Nilimwomba arudie. Kompyuta ilifanya kazi ya kuonyesha njia, mkaa ukafanya kazi ya kuonekana. Kwenye meza ile nilibadilisha mipango mingi ya mradi ninaousuka kwa sasa.

Baadaye nikapita vichochoro vya mji, mawe membamba yanayopanda kati ya nyumba, na nikavitambua. Nilikuwa nimeshaviona vimechorwa.

Ijumaa, 14 Juni. Njiani kwenda Galway

Nimerudi Heuston, nikabadili treni, nikavuka nchi kutoka mashariki hadi magharibi. Nimelala njia nzima. Galway imenipokea na upepo wa baharini na wapiga filimbi barabarani. Tangu mwaka 2014, UNESCO imeutambua kuwa mji wa filamu.

Jumamosi, 15 Juni. Connemara

Basi la kuelekea Connemara linafuata ghuba, bahari kushoto, kuta za mawe kulia. Ukishaingia eneo la wazungumzaji wa Kiairishi, vibao vya barabarani vinaacha Kiingereza. Kwa sensa ya 2022, watu wapatao 72,000 tu ndio wanaokitumia kila siku nje ya shule. Wachache kuliko wakazi wa kata kubwa moja ya Dar. Na wana televisheni yao.

Hawakuipewa mkononi. Mwaka 1987 wanaharakati wa huku walitega mtambo Ros Muc, wakarusha matangazo ya televisheni kwa Kiairishi bila leseni, kuonyesha kwamba inawezekana na kwa gharama ndogo. Kampeni iliendelea karibu miaka kumi mingine. Tarehe 31 Oktoba 1996 kituo kilichokuja kuitwa TG4 kikawa hewani, makao yake yakiwa Baile na hAbhann, kijijini, mbali kabisa na Dublin. Nililiona jengo lake kutoka barabarani: si kubwa, limezungukwa na majabali na nyasi. Kwa sababu lipo pale, kuna watunga tafsiri, waigizaji wa sauti, wahariri na mafundi wanaoishi pale. Mtoto wa Connemara anaangalia katuni za Marekani zikisema lugha ya bibi yake. Fedha za TG4 na za mfuko wa filamu wa taifa ndizo zilizosaidia kuzaliwa kwa An Cailín Ciúin, iliyofika fainali za Oscar mwaka 2023 upande wa filamu za kimataifa, ya kwanza kwa Kiairishi.

Hapa ndipo nilipoumia. Kiswahili kina mamilioni ya wazungumzaji. Mwaka 2010 hadithi zilizopewa sura ya michoro ya Tingatinga zilitengenezwa Nairobi na vijana wetu wenye vipaji, zikiwa katuni za Kiingereza kwa ajili ya televisheni ya watoto ya BBC. Ilikuwa kazi nzuri, na naiheshimu. Ubongo Kids walipoanza Dar mwaka 2014 kwa Kiswahili, wakaonyesha kwamba mtoto wa Tandale anaweza kufundishwa hesabu na katuni inayoongea kama yeye. Lakini bado tunahesabu mifano hiyo kwa vidole vya mkono mmoja.

Jumapili, 16 Juni. Galway

Nimekunywa chai na fundi wa vinyago vikubwa vya maandamano, sanaa ambayo mji huu uliifufua kwa nguvu tangu kundi la Macnas lilipoundwa mwaka 1986. Siku hizi anatengeneza nusu kwa karatasi na gundi, nusu kwa michoro ya kompyuta na taa zinazobadilika rangi kwa programu. Nilimuuliza anaishije. Akanijibu bila kuona haya: yumo kwenye jaribio la kipato cha msingi kwa wasanii. Serikali ililianzisha mwaka 2022, wasanii 2,000, yuro 325 kila wiki kwa miaka mitatu. Waliokidhi vigezo walikuwa zaidi ya 8,000, kwa hiyo walichaguliwa kwa bahati nasibu, na wengine 1,000 wasiolipwa wakawekwa kundi la pembeni ili kupima tofauti.

Hilo linakuja juu ya mengine ambayo nchi imeyaweka kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1969 mapato ya kazi za ubunifu yana msamaha wa kodi, siku hizi hadi yuro 50,000 kwa mwaka. Kampuni za filamu na animesheni hupata nafuu ya kodi ya asilimia 32 ya gharama zinazostahili, mradi kazi ifanyike nchini.

Amefanya nini na fedha zile? Ameacha kazi ya baa siku tatu za wiki, akajifunza programu ya michoro ya pande tatu, na sasa anawafundisha vijana wawili wa mtaani kwake. Rafiki yake anayetumia naye karakana moja yumo kwenye kundi la wasiolipwa. Wanagawana kodi ya pango kwa namna wanayoijua wenyewe. Kodi za nyumba hapa ni mzigo mkubwa kwa kila msanii niliyezungumza naye. Jaribio limepangwa kwisha mwaka 2025, na wote wawili wameshaandika barua kwa mbunge wao wakitaka liendelee. Akanionyesha nakala ya barua, kurasa mbili, hesabu zote zimo. Nikamwomba niipige picha, maana na sisi tuna wabunge. Saa nane akaniaga; alikuwa na vichwa viwili vya majitu vya kupaka rangi kabla ya kesho.